Bikoni wa Dirisha la Tatu Anang'oka kwa Hiari

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, mwenzetu wa dirisha la tatu atagonga muhuri wake wa mwisho, baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne ya kusajili ardhi za watu. Ofisi nzima imechangamka kama darasa siku ya kufunga shule. Tunachofurahia hasa hatukijui, maana anayeondoka ndiye pekee anayejua kila jalada lilipo.

Jina lake kamili limo kwenye barua ya kustaafu, na baadhi yetu tulilisoma huko kwa mara ya kwanza. Hapa ni Bikoni tu. Wapima ardhi ndio waliompa jina hilo katika mwaka wake wa pili. Mkuu wa ofisi wa wakati huo alimwagiza mara tatu ahamie chumba chenye feni, naye mara tatu akakataa kwa adabu zote, akisema kule ndani hawezi kuwaona watu usoni. Wapima wakaamua kwamba huyu ni kama bikoni, lile jiwe la zege linalofukiwa pembeni mwa kiwanja: kulisogeza ni kesi.

Alianzia masjala, kubeba majalada. Siku ya kwanza aliteleza kwenye ngazi akiwa na rundo mikononi, na kiwanja cha muuza vyuma kikachanganyika na cha shule ya chekechea. Ilimchukua wiki nzima kuvitenganisha, karatasi moja baada ya nyingine: hii ni ya nani, aliipataje, na nani mwingine ana haki juu yake. Husema wiki ile ilimfundisha kuliko kozi zote alizopelekwa baadaye. Muuza vyuma naye, hadi leo, akija ofisini huuliza kama watoto wake wa chekechea hawajambo.

Dirishani ndipo alipong'ara. Watu wengi huja wakidhani umiliki ni kitu kimoja kizima, ama unacho ama huna. Bikoni huwanyooshea shada la funguo za ofisi. Huu wa kukaa, huu wa kupangisha, huu wa kuweka rehani, huu wa kuuza, huu wa kumzuia asiyehusika asiingie. Kisha huchomoa mmoja na kumkabidhi mteja: huyo sasa ni mpangaji, ana ufunguo wake halali, hata mwenye nyumba hamwingilii ovyo, lakini shada limebaki kwa mwenyewe. Somo safi kabisa, isipokuwa siku ile mpangaji wa mfano alipoondoka na ufunguo wa choo. Tulimsubiri hadi saa nane mchana, wengine tukiwa tumebana miguu.

Lakini kama ni jambo moja tu la kumkumbukia, basi ni lile la mwaka wake wa kumi na tisa. Alikuja mama mmoja, fundi cherehani, mjane wa dereva wa lori. Shemeji yake alikuwa amempata mnunuzi wa nyumba anayoishi, akidai ni mali ya kaka yake, kwa hiyo imerudi kwenye ukoo. Cherehani ilikuwa tayari imetolewa barazani. Jalada letu lilikuwa na ukurasa wa kwanza tu wa hati, wenye jina la marehemu peke yake. Ukurasa wa pili haukuwepo.

Bikoni hakukurupuka. Alimuuliza yule mama anakumbuka nini kuhusu siku waliyonunua. Mama akasema anakumbuka kutia sahihi humu humu, kwa kalamu iliyovuja ikamharibia mkono wa gauni jipya. Hilo likamtosha. Kwa siku mbili alilisaka daftari kubwa la usajili la mwaka ule waliponunua: kabatini, stoo, juu ya dari. Akalikuta chumba cha wapima, limewekwa chini ya mguu wa meza ya kuchorea ramani ili isiyumbe. Alilifungua akiwa amepiga magoti sakafuni. Majina mawili, mume na mke, kwa umiliki wa pamoja. Na pembeni ya sahihi ya mke, doa la wino wa bluu la ukubwa wa kifungo.

Kesho yake aliwaita wote watatu. Shemeji na mnunuzi akawakalisha kwenye benchi la wateja, akawaeleza taratibu. Wawili wakiketi kwenye benchi moja, hakuna mwenye upande wake. Lote ni la wote. Mmoja akiinuka, nafasi haimwendei ndugu yake aliyesimama mlangoni. Aliyebaki amebaki na benchi zima. Ingekuwa ni viti viwili vimefungwa kamba, kila mmoja na fungu lake, hapo kiti cha marehemu kingeingia kwenye mirathi. Hawa walichagua benchi.

Mnunuzi, mtu wa kilo zake, alitaka kuhakikisha ameelewa. Akainuka ghafla. Benchi likapinduka na shemeji akajikuta sakafuni, miguu juu. Aliyeanza kucheka ni mjane, mkono mdomoni, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha mnunuzi. Mwisho shemeji mwenyewe, akiwa bado chini.

“Kwa hiyo cherehani niirudishe ndani?” mama aliuliza akijifuta machozi.

“Irudishe, mama. Na mlango ni wako, ufunge unapotaka,” Bikoni alimjibu.

Aliyeirudisha ni shemeji, cherehani ya miguu ya chuma, kwa mikono yake. Mapazia tuliyonayo ofisini yameshonwa nayo. Na tangu wiki ile madaftari yote hukaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli, na hakuna hati inayosainiwa hapa kabla Bikoni hajawasomea wahusika kwa sauti kilichoandikwa.

Ajabu ni kwamba msajili huyu alikuwa mpangaji maisha yake yote. Mwaka juzi ndipo alipokuja dirisha la nne, kwangu mimi ninayeandika haya, kusajili nyumba yake ya kwanza, akapanga foleni kama wenzake. Nilikagua fomu zake mstari kwa mstari. Mke wake aliandikwa mmiliki mwenza, ila sahihi yake haikuwepo. Nikamrudishia. Hajawahi kunisifu kazini kama alivyonisifu siku ile. Alikwenda zake akitabasamu, kesho yake akarudi na mkewe, muuguzi, aliyetoka moja kwa moja zamuni.

Muuguzi huyo hakuikimbilia kalamu. Aliniuliza kwanza kama mzee anaweza kuiuza nyumba hii bila yeye. Nikasema hawezi. Akauliza na yeye je. Nikasema naye hawezi bila mzee. Akamtazama mumewe kutoka juu hadi chini, kama mtu anayekagua bidhaa ambayo hairudishwi dukani.

“Basi tumekwama wote wawili,” akasema, na akasaini huku bega lake likitikisika kwa kicheko. Bikoni alilazimika kuvua miwani na kuipangusa mara mbili.

Mzee wetu, asante kwa subira, kwa mikasa, na kwa kila mtu aliyelala usingizi mnono kwake kwa sababu ulisoma karatasi hadi mwisho. Nenda ukakae kwako, na raha ikukae. Ukitukumbuka, foleni unaijua.