Dole la Mpiga Chapa

Benchi hilo lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, nalo limeegemea ukuta kati ya dirisha la Fundi Mshono na mlango wa kinyozi. Kila asubuhi hukutana hapo watu ambao hawajawahi kushindwa na jambo lolote isipokuwa kunyamaza. Yupo Rula, mstaafu wa ofisi ya ramani, anayetembea na rula ya chuma mfukoni. Yupo Kinyozi, aliyezoea kusema peke yake kwa sababu mtu mwenye wembe shingoni habishi. Yupo Shangazi na birika lake la kahawa, ambaye hana mpwa hata mmoja hapo lakini anawagombeza wote. Na dirishani, nyuma ya cherehani, yupo Fundi mwenyewe. Yeye hajihesabu kuwa mmoja wao, ingawa masikio yake hushinda benchini kutwa nzima.

Jumatatu hiyo Fundi alifanya kosa la kuwaonyesha kitambaa.

Kilikuwa cha pamba, maua ya nili juu ya weupe, na kilitoka India. Mkunga wa zahanati ya pale kona ndiye aliyekileta, akamweleza kwamba kimepigwa chapa kwa mkono. Mtu anashika kibao cha mti kilichochongwa ua, anakichovya kwenye rangi, anakigandamiza kitambaani, anasogea kidogo, anagandamiza tena, hivyo hivyo mpaka mita zote ziishe. Alitaka gauni la kwendea sokoni na kukaa nalo uani. Kitu kizuri, alisema, kivaliwe siku za kawaida, maana ndizo nyingi. Likimpendeza, wenzake wa zahanati nao wana vitambaa kama hivyo, atavileta vyote. Kabla ya kutoka aligeuza ukingo, akamwonyesha alama ya dole gumba, la nili, mistari yake yote inahesabika.

— Fundi, umeliona dole hili? akasema, akacheka, akaenda zake.

Sasa, fundi wa miaka thelathini akionyeshwa alama kwenye kitambaa huelewa jambo moja tu, kwamba mteja analalamika. Na Fundi hakuwa na mteja wa kuchezea. Tangu duka la nguo za tayari lifunguliwe ng'ambo ya barabara, watu aliowashonea tangu wakiwa wachanga walikuwa wanampungia mkono wakipita kwenda huko. Vile vitambaa vya zahanati vingemrudishia jina lake mtaani. Gauni hili lilipaswa kutoka bila kasoro.

Hata hivyo, Mkunga alipoondoka, Fundi aliweka dole lake juu ya lile dole. Likamtosha barabara. Alikaa hivyo kitambo, moyo umemtulia, kisha akaona aibu na kuondoa mkono. Hilo hakuliambia benchi, na alifanya vizuri.

Rula alitandaza kitambaa magotini, akatoa kipimo chake kama daktari.

— Ua hili limepanda milimita mbili. Hili limeshuka tatu. Huyu bwana alikuwa anasinzia.

— Hakusinzia, akasema Kinyozi. — Huyu kagombana na mkewe. Mtu aliyegombana na mkewe mkono unamvuta kushoto. Mimi nanyoa, najua.

Shangazi akataka kujua kama juzi ni yeye aliyegombana, maana mzee wa posta ametoka pale na sharubu moja iko juu na nyingine chini. Kinyozi hakusikia. Huwa hasikii yanayomhusu.

Fundi akajaribu kueleza kwamba ni kazi ya mkono, ndivyo inavyokuwa.

— Mkono si kisingizio, akasema Rula. — Mimi nimechora ramani kwa mkono miaka yote. Hakuna mto wangu hata mmoja uliowahi kuruka.

Hiyo ni kweli, mito haikuruka. Ila ipo barabara yake iliyopita katikati ya jiko la mwalimu, na mwalimu aliifuatilia ofisi kwa ofisi mpaka akastaafu. Hakuna aliyemkumbusha Rula. Benchini watu husameheana ya kale ili wapate nafasi ya kuwasema wasiokuwepo, na mpiga chapa wa India alikuwa mbali kuliko wote.

Walipofika kwenye dole, ndipo akili zikaaga kabisa. Rula alisema hiki ni kitambaa kilichokataliwa, wenye macho wakakirudisha, kikatafutiwa wasio na macho. Shangazi aliacha kumimina. Kwa maoni yake, dole hilo ni la mtu anayetafutwa. Kajificha kwenye karakana, lakini dhamiri inamsuta, akaona ajisalimishe kwa kitambaa.

— Mkunga akipita mpakani na gauni hilo, wanamshika yeye, akasema. — Atawaambia nini? Dole si langu?

— Nyinyi bado mko nyuma, akasema Kinyozi. — Hayo yote ni mashine. Wamegundua watu wanapenda cha mkono, sasa mashine imefungwa dole la mpira. Kila baada ya mita tano, linashuka, pa. Na maua yanaruka kwa kupangwa. Kuna mhandisi kabisa anasomea kukosea.

Watu watatu ambao hawajawahi kumwona mpiga chapa, wala kibao, wala hiyo mashine, wakatikisa vichwa kwa pamoja kama baraza limepitisha sheria. Fundi akasema polepole kwamba angeweza kulikunjia dole ndani ya pindo, lisionekane.

— Ukilificha, wewe si utajua lipo? akasema Rula. — Na yule mama kakuonyesha mwenyewe. Kakuonyesha kwa nini?

Fundi akakikunja kitambaa. Angeweza kutembea hatua mia mpaka zahanati akamuuliza. Badala yake alikwenda kununua dawa ya madoa.

Alifanya kazi siku tatu, na tusimnyime haki yake, ilikuwa kazi ya hali ya juu. Kila palipokuwa na ua lililoruka, alipapitishia mkasi au akapazika kwenye mshono. Dole alilisugua kwa dawa mpaka vidole vyake mwenyewe vikachubuka. Pale palipobaki weupe uliochujuka alichora ua kwa kalamu ya wino, petali kwa petali, akilinganisha kwa rula aliyoazimwa na Rula mwenyewe. Alhamisi asubuhi gauni lilining'inia dirishani, limepigwa pasi, maua yote yamesimama mstari mmoja kama wanafunzi wanaosubiri ukaguzi.

— Sasa limekuwa kama la dukani, akasema Rula, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote benchini. Shangazi akampa Fundi kikombe cha bure. Fundi alikunywa akiwa amesimama, amejaa furaha.

Mkunga alifika kikombe hakijaisha. Kwapani alikuwa na furushi, na kwenye kona yake Fundi aliona nyekundu ya matofali, manjano, na nili nyingine. Vya wenzake. Akaweka kikombe chini.

Mama huyo alilishika gauni, akalitazama mbele, akaligeuza nyuma.

— Limekuwa kama la dukani, akasema.

Fundi akatabasamu. Benchi zima likajiweka sawa kupokea sehemu yake ya pongezi. Lakini Mkunga alikuwa amekunjua pindo, anapitisha vidole kwenye ukingo, taratibu, mzunguko mzima, kisha akarudia tena mzunguko mzima.

— Hapa alikuwepo mtu, akasema.

Fundi akafungua kinywa, akasema kuhusu dawa, kuhusu doa, kuhusu wino usiotoka hata ukifua kwa maji moto. Alikuwa anajisikia mwenyewe na hakupenda anachokisikia. Mkunga alimsubiri amalize, kisha akawageukia wale wa benchini, maana alishaona rula mkononi mwa mwenye rula.

— Lile dole liliwakosea nini?

Aliuliza bila ukali, kama anavyomuuliza mgonjwa panapouma. Rula akatazama rula. Kinyozi akakumbuka ana mteja ndani, na hakuwa naye. Shangazi akainamisha birika, likatoa matone mawili na machicha.

Mkunga alilipa, akashukuru, akaweka gauni juu ya furushi, akaondoka navyo vyote viwili. Fundi alimsindikiza kwa macho mpaka ile nyekundu ya matofali ikapinda kona.

— Mimi nilisema akunje tu ndani, akasema Kinyozi kutoka mlangoni.

Fundi alifunga dirisha. Akapiga magoti mbele ya kapu la vipande, akaanza kupekua. Aliyapata maua yaliyoruka, yote aliyoyakata, moja baada ya jingine, akayapanga sakafuni. Dole hakulipata, kwa kuwa dole hakulikata. Alilifuta kwa mkono wake mwenyewe.