Sarni ya Barla

Benchi letu limeegemea ukuta wa tanuri langu, kwa hiyo hata Aprili, theluji ikiwa bado imekalia mapaa, wazee wanaokuja hapa kupoteza muda wanapata joto la mgongo bure. Kahawa napika mimi. Maneno wanaleta wao, na maneno yangekuwa yanauzika, nisingekanda unga tena. Yupo Flurin tunayemwita Kengele. Alifua kengele za ng'ombe mpaka masikio yakafa, na sasa anaongea kama anamwita mtu wa bonde la pili. Yupo Luregn, Profesa, aliyefagia sakafu ya kiwanda cha kufua sarafu mjini kwa miaka mitatu, na tangu hapo anajua kila kitu. Na yupo Mzee Gion. Huyu alikuwa na jina lake la utani, lakini Januari poromoko la theluji lilimfunika mkewe Barla kule korongoni, na hakuna aliyelitumia tena. Theluji ya korongo lile haiyeyuki kabla ya Juni. Tunasubiri.

Asubuhi hiyo gari la benki kuu lilikuwa limesimama mbele ya kanisa. Siku ya mwisho. Kengele ya adhuhuri ikilia tu, sarni za zamani, zile sarafu zenye mbuzi wa majabali, zinageuka vipande vya bati, na nchi nzima inabaki na pesa mpya. Kila mtu alikwishabadilisha zake. Gion alibaki na moja, kaifumbata kiganjani.

— Mmeiona noti mpya? Kengele akanguruma. Upande huu handaki. Geuza. Handaki!

— Ni lile lile, Profesa akasema. Wamelichora kwa nyuma.

— Yule mama mwenye fyekeo wa noti ya zamani alikuwa na kosa gani?

— Hana kosa. Kazeeka. Serikali haipendi kutazama wazee.

— Ndiyo maana nyie wawili hawajawachora, nikasema.

Gion hakucheka. Akafungua kiganja.

— Mimi nina hii tu. Ya Barla. Niibadilishe, nisiibadilishe?

Kengele na Profesa wakaweka vikombe chini.

Kwetu mtoto akizaliwa anawekewa sarni ya mwaka wake. Siku akifa, sarni hiyo inaletwa kwangu kwanza, kwa kuwa mwokaji ni mimi. Naigonga juu ya meza, nikisikia sauti yake natoa mkate, kisha sarni nairudisha. Mkate unaliwa matangani, sarni inakwenda chini ya ulimi wa maiti. Sarni isiyonunua mkate haizikwi pamoja na maiti. Nani atafunguliwa mlango wa huko kwa pesa iliyokataliwa huku? Mama yangu alikuwa mwokaji kabla yangu, na pesa zilipobadilishwa zamani zile, alikataa sarni ya kaka yake mwenyewe. Mjomba akaenda kaburini mdomo mtupu. Mama hakulitaja tena, ila kila akikanda unga alikuwa akiupiga kama anayempiga mwizi.

Kwa hiyo tulijua Gion anauliza nini. Juni, Barla akitoka, sarni yake haitanunua kitu.

— Usibadilishe, Kengele akasema. Barla kafa Januari. Januari sarni ilikuwa hai. Kesi inahukumiwa kwa sheria ya siku ya kosa.

— Kwani kufa ni kosa? Profesa akauliza.

— Kwa Barla, ndiyo, Gion akajibu. Aliacha ng'ombe hawajakamuliwa.

— Mimi nasema badilisha, mzee wangu, Profesa akaendelea. Kule kiwandani niliona kwa macho haya. Sarafu haifi, inayeyushwa. Mbuzi anaingia kwenye chungu, anatoka handaki. Ndani ya kila sarni mpya mbuzi yumo, kajificha tu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Ndicho hicho chungu, Kengele. Wewe hukusoma.

— Mbuzi nitamsamehe, Gion akasema. Mwaka je? Hizi mpya zote zina mwaka huu. Mwanamke wa miaka sabini atafika kule na sarni ya mtoto mchanga. Watamwambia kaiba.

Nikamwongezea Profesa kahawa, maana akikauka koo huwa anakuwa mpumbavu zaidi.

— Sikilizeni, Kengele akasema. Twende korongoni sasa hivi, tuitupe juu ya theluji. Jua la mchana litaipasha moto, itayeyusha njia yake, itashuka taratibu mpaka imfikie.

— Halafu iingie mdomoni yenyewe? Profesa akauliza.

— Barla mdomo wake haukufungwa siku hata moja.

Kengele akasikia alichosema. Akainamia kikombe.

— Ni kweli lakini, Gion akasema. Haukufungwa.

— Tuzike koti lake, Profesa akasema kwa haraka. Leo, kabla ya adhuhuri. Jeneza, koti, sarni mfukoni, padri anasoma. Juni tunafukua koti, tunamvika, tunamrudisha.

— Unataka kumzika mtu mara mbili kwa ubahili wa sarni moja? nikamuuliza.

— Si ubahili, Bibi Nesa. Ni mpango.

— Basi tukamchimbe! Kengele akasimama. Sepetu zipo! Maji yakimwagika hayazoleki!

— Hiyo ni theluji, Flurin, nikamwambia. Inazoleka. Mliizoa Januari, na vijana wawili nusura wabaki nao huko. Kaa chini.

Akakaa. Gion ndiye aliyesimama sasa. Akajifuta goti, akatazama kanisani.

— Nakwenda kubadilisha, akasema. Heri sarni ya mtoto mchanga kuliko mdomo mtupu.

Hata hakupiga hatua tatu. Binti wa benki alikuwa anakuja upande wetu, jina lake Seraina, tulilisoma kifuani. Viatu vya mjini vimelowa mpaka kifundoni.

— Shikamoo, bibi. Naomba kahawa. Mzee, unakuja kwangu? Sanduku nalifunga kengele ikilia.

Wakamweleza, wote watatu kwa mpigo, mkate, ulimi, korongo, koti. Yule binti akasikiliza huku anapuliza kikombe. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

— Sasa huo mkate, akasema, lazima uliwe siku hiyo hiyo unaponunuliwa?

— Unaliwa siku hiyo, Profesa akasema, kwa sababu...

— Kwa sababu siku hiyo maiti ipo! Kengele akamsaidia.

— Nauliza mkate. Mkate wenu unaoza?

Mkate wetu! Mimi huoka mara mbili kwa mwaka, Novemba na Machi. Mkate mweusi, unapangwa kwenye fito darini mpaka unakuwa jabali, unakatwa kwa kisu kilichofungwa kwenye ubao. Baba yangu alipoteza meno manne kwa mkate wa mama. Mkate wa Machi unafika Novemba bila doa.

Miaka arobaini na moja niko kwenye tanuri hili. Miezi mitatu wamebishana mgongo ukiwa ukutani kwangu, na hakuna aliyeniuliza mkate wangu unakaa muda gani. Lakini hata mimi sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nangoja Juni nimkatalie Gion, kama mama alivyokataa, na nilikuwa nimeshauandaa uso wangu.

— Gion, nikasema. Pita dukani. Kwa utaratibu.

Akapita. Nikasimama nyuma ya meza yangu. Akaiweka sarni.

— Mkate mmoja, akasema, kama mtu yeyote.

Nikaigonga. Ikalia vizuri. Nikapanda darini, nikachagua mkate uliokaa sawa, na kwa kuwa kuandika kwangu ni kwa tabu, nikaukwaruza kwa msumari alama ya masikio ya mbuzi aliowafuga Barla, mkato mmoja kushoto, miwili kulia. Nikampa. Nikamrudishia sarni. Bado hajafika mlangoni kengele ya adhuhuri ikalia.

Tulirudi benchini. Kengele akaanza kusema yeye alikuwa na wazo hilo hilo tangu Februari. Gion aliupakata mkate kwa mikono miwili, sarni juu yake.

Yule binti alikuwa anatazama mlimani, upande wa korongo, kulikokuwa kweupe tupu.

— Na theluji isipomtoa? akauliza.

Kengele akajifanya hakusikia, na safari hii nilimwelewa. Gion alikuwa anaupangusa mkate unga ambao haukuwepo.

Niliinua birika, nikawaambia kahawa imekwisha, waende makwao. Lilikuwa limejaa nusu.