Mama Karima na Chumba cha Chini ya Stesheni

Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025, Mama Karima Ramazani, mkuu wa stesheni yetu ya Lubunga, anastaafu baada ya kutumikia reli kwa miaka thelathini na saba.

Alipoanza mwaka 1988 alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, akauza tiketi dirishani. Wakubwa wetu wanasimulia kwamba siku hizo jukwaa lilijaa tangu alfajiri: wafanyabiashara waliovuka mto kutoka Makiso, magunia ya mchele, kuku kwenye vikapu, wanafunzi wakirudi kwao likizo. Kisha treni zikaanza kuadimika. Abiria walisubiri siku mbili, mara wiki nzima. Wakimuuliza Mama Karima treni iko wapi, aliwajibu bila kuinua macho: "Iko njiani. Ikifika, mutaisikia kabla yangu."

Juni 2000, vita vya siku sita vya majeshi mawili ya kigeni vilipoangukia mji wetu, abiria zaidi ya sitini walikuwa wamekwama hapa wakisubiri treni ya Ubundu, mwisho wa reli yetu. Chini ya stesheni kuna chumba cha kuhifadhia mizigo, chenye kuta za mawe. Mabomu yalipokaribia, Mama Karima alitaka kuwaingiza humo. Mkuu wake wa wakati huo, Papa Augustin, alikataa, kwa sababu chumba kilijaa mizigo mpaka mlangoni.

"Ile mizigo iko na wenyewe," alimwambia.

"Na hawa watu vilevile iko na wenyewe, papa," akajibu, na kuanza kutoa gunia la kwanza.

Abiria walimsaidia. Mizigo ikapangwa jukwaani chini ya mvua, na watu wakashuka. Walikaa humo siku tano, wakila mchele mbichi uliolowekwa maji. Papa Augustin naye alishuka siku ya pili. Wote walitoka hai.

Mizigo haikubahatika. Chumvi iliyeyuka, mingine ikaibwa, na mabalo matatu, marobota makubwa ya vitenge, yalifunguliwa ili kuwafunika watoto. Mama Karima aliandikiwa barua ya onyo, akaondolewa dirishani. Kwa miaka miwili alifagia jukwaa, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Mwenye vitenge, Mama Kanyere, mfanyabiashara kutoka Butembo, alipokuja kudai mali yake, alioneshwa vile vitambaa vimetandikwa sakafuni, vimechafuka. "Bon, basi," akasema. "Tuseme nilisha kuviuza." Tangu siku hiyo alimletea Mama Karima maharagwe kila alipopita, hadi alipofariki.

Dirisha alirudishiwa mwaka 2002. Mwaka 2011 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza stesheni hii. Sisi aliotufundisha kazi tunajua ukali wake: jukwaa chafu halikumpita, wala uongo kwa abiria.

Mwezi uliopita tuligundua jambo la ajabu. Katika miaka yote hiyo Mama Karima hakuwahi kufika Ubundu. Treni ikiondoka, mtu alipaswa kubaki, na aliyebaki alikuwa yeye. Tukamkalisha dirishani mwa behewa la pili, mkoba mapajani, kama abiria wengine. Alirudi siku ya nne, amejaa vumbi, akaketi kwenye benchi la jukwaani.

"Kumbe iko mbali hivi," alituambia. "Ningejua, ningekuwa naambia kila mutu pole pale guichet, kwa dirisha la tiketi."

Mama Karima, wewe uliyebaki ili wengine wasafiri, pole kwa kazi, na asante. Mungu akujalie afya, usingizi usiokatizwa na honi, na wajukuu wengi wa kuwasimulia. Utakapotaka tena kwenda Ubundu, njoo tu. Mmoja wetu atabaki.

Isaïe, karani wa mizigo, kwa niaba ya wafanyakazi wa stesheni