Mguu Niliosema Umepona

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Leo msiniitikie kwa shangwe. Wengi mnanijua, mimi Mama Awuor wa Manyatta, yule wa samaki wa kukaanga. Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikasema nimepona. Leo nimekuja kuufuta ushuhuda ule.

Mnakumbuka bodaboda iliniangusha, chuma kikanikata nyuma ya goti. Kidonda cha nje kilifunga, lakini mshipa wa damu ndani ulikuwa umeumia. Mguu ukawa baridi, vidole vikabadilika rangi. Daktari wa hospitali akataka kunipasua, atoe mshipa kwenye mguu wa pili, atengeneze njia mpya ya damu. Niliogopa, ndugu zangu. Nilikuwa mwoga, na woga wangu nikauita imani.

Ndipo nikasikia habari za kliniki moja Milimani. Walikuwa wanatia dripu ya kitu kinaitwa eksosomu. Walinieleza vizuri tu: seli shina zikikuzwa maabara hutoa vifuko vidogo mno, havionekani kwa macho, vinavyobeba ujumbe wa kuuamsha mshipa ujitengeneze. Nitapona bila kisu. Baada ya dripu ya pili maumivu yalipungua kidogo, na Jumapili iliyofuata nilikuwa hapa mbele. Mguu ulikuwa bado baridi ndani ya soksi, nami nikasema umepona. Sisi tumezoea kukiri kabla ya kuona. Nilidhani namsaidia Mungu.

Dada Rosa wa kwaya alikuwa anasikiliza. Mguu wake ulikuwa umeharibiwa na ugonjwa wa sukari, na alikuwa amepangiwa kupasuliwa wiki ile ili mguu uokolewe. Alinifuata nje akaniuliza, "Nyaminwa, dada yangu, ni ukweli umepona kabisa?"

Nikamwambia, "Kabisa, dada yangu."

Hakwenda hospitali. Alienda Milimani.

Mimi nilizidiwa kabla yake. Mume wangu akanikimbiza hospitali, nikapasuliwa, damu ikafika mguuni. Nilimuuliza daktari kuhusu ile dripu. Hakunicheka. Alisema, "Mama, hiyo kitu wanasayansi bado wanachunguza. Labda siku moja itasaidia watu. Lakini saa hii hakuna mtu amehakikisha inaponya mshipa kama yako."

Palepale kitandani nilijua napaswa kumpigia Rosa simu. Niliona aibu. Nikangoja wiki mbili. Nilipompigia, alikuwa ameshakatwa mguu juu ya goti.

Ile dripu sikuitengeneza mimi, ndugu zangu. Lakini zile wiki mbili ni zangu, na zinaniuma kuliko kidonda.

Bwana ameniokoa, hilo sifichi. Alitumia kisu kilekile nilichokikimbia. Ameokoa mguu wangu, na ameniokoa na mdomo wangu, nami namshukuru. Wewe uliye mgonjwa, mtumaini Mungu, halafu nenda ukapimwe. Yeye haogopi vipimo. Na watu wakikuuliza hali yako, sema ulipofika, hata kama bado unachechemea.

Nilienda kwa Rosa kumwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe ulinidanganya kanisani. Usiniombe msamaha hapa jikoni."

Ameketi pale karibu na mlango. Rosa, nilikudanganya. Nisamehe.