Klachi ya Gari la Meneja: Maisha ya Fundi Philbert Kalinga

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa hapa Ipamba na ninyi mliosafiri kutoka Mbeya, familia imeomba karatasi hii isomwe yote bila kurukwa mstari, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza hivyo.

Philbert Kalinga alizaliwa tarehe 12 Machi 1934 hapa Ipamba, wilaya ya Iringa, mtoto wa tatu wa mzee Yohane Kalinga na mama Kalista, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alianza shule ya misheni mwaka 1943, akamaliza darasa la nne mwaka 1947, na kuanzia 1950 hadi 1952 alijifunza umakanika katika karakana ya misheni, chini ya bruda mmoja mkali aliyemzoesha kuisikiliza injini kwanza, mikono nyuma, kabla ya kuruhusiwa kushika spana.

Mwezi Januari 1953 aliajiriwa kwenye shamba la tumbaku la mlowezi mmoja wa Kigiriki, akatengeneza matrekta, pampu za maji, na tangu 1968 gari la tajiri huyo, Mustang nyekundu ya Kimarekani yenye injini ya silinda nane, ambayo watu wa Iringa waliitambua kwa mlio kabla haijatokea. Mlowezi alipoondoka nchini mwaka 1971, gari hilo lilinunuliwa na Bwana Sedekia, meneja wa usafirishaji wa shirika moja la umma mjini Mbeya, naye alipoambiwa kwamba gari lile linamtii fundi mmoja tu, akamwita Philbert na kumpa kazi katika karakana ya shirika.

Marehemu alifunga ndoa na Juliana tarehe 8 Agosti 1959, wakajaliwa watoto watatu, Kalista mwaka 1960, Rozalia mwaka 1963 na Marcelino mwaka 1966. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyenawa mikono kwa majivu hadi kwenye viwiko kabla ya kumbeba mtoto.

Mwezi Mei 1974 Bwana Sedekia alitaka kushindana na rafiki yake kwenye lami mpya, kutoka Uyole hadi Makambako, na kwa kuwa klachi ya Mustang ilikuwa imeanza kuteleza, akaagiza kutoka Lusaka klachi mbili, akamtaka Philbert achague. Ya kwanza ilikuwa na springi ngumu kuliko ile ya zamani, lakini bitana yake, ule utando unaosuguana, ilikuwa ya kawaida, inashika taratibu. Ya pili ilikuwa ya magari ya mashindano, yenye vipande vya shaba, inayoshika kwa mshtuko mara mguu unapoachia pedali. Philbert alishusha giaboksi, akalipaka mafuta ya taa lile gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi hukaa juu yake, wenyewe mafundi huliita flaiwili, akalifuta, akalisugua kwa chaki, na mafuta yalipojitokeza kwenye chaki ukaonekana ufa mwembamba kama unywele, kisha wa pili. Akamwita meneja, mbele ya mafundi wenzake wawili, Yotamu na Liberatus, akamwambia, "Mzee, hili ni chuma cha kusubu na limeungua. Funga hii ya kwanza, uendeshe polepole mpaka tupate flaiwili jipya. Hiyo ya shaba italipasua."

Bwana Sedekia akamjibu, "Mimi nimekuuliza klachi, sikukuuliza habari za flaiwili. Funga ya shaba."

Philbert alikataa siku hiyo, akakataa tena kesho yake, na siku ya tatu akaambiwa kwamba fundi mwoga anahitajika Makongolosi, akatengeneze mashine za kusaga mawe, familia ibaki Mbeya. Ndipo akafunga klachi ya shaba.

Jumamosi tarehe 18 Mei 1974 meneja alimwamuru apande naye wakalijaribu gari, na walipovuka Chimala, kwenye barabara iliyonyooka, mwendo ukiwa mkali, flaiwili lilipasuka, vipande vikatoboa sakafu na kuukata mguu wa kushoto wa Philbert chini ya goti. Bwana Sedekia alichubuka kiganja.

Marehemu alilazwa miezi minne, na aliporudi kazini kwa magongo alikuta barua ya kuachishwa, ikieleza kwamba fundi alichagua na kufunga klachi isiyofaa kinyume cha ushauri wa meneja, na chini yake, kama mashahidi, walikuwa wametia sahihi Yotamu na Liberatus. Bwana Sedekia alipandishwa cheo mwaka uliofuata. Philbert alikaa Uyole chini ya kibanda cha mabati, akitengeneza baiskeli kwa sababu baiskeli hutengenezwa mtu akiwa amekaa, Juliana akauza viazi sokoni, Kalista akaacha shule ili kumsaidia mama yake. Mwaka 1976 Yotamu alifika nyumbani, akakaa jioni nzima akizungumzia mvua na bei ya mbolea, akaaga. Juliana alipouliza alikuwa anataka nini, mumewe akamwambia, "Alikuja kusema, akashindwa. Mwache."

Kidonda hakikupona kamwe, mfupa uliendelea kutoa usaha kila masika, na mwezi Agosti 1978 sumu ikaingia kwenye damu. Marehemu alifariki tarehe 4 Septemba 1978, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne. Siku mbili kabla alimwambia mkewe, "Mkinisomea historia, msiseme ni ajali tu. Semeni nilikataa mara mbili. Na semeni mara ya tatu nilifunga mwenyewe, kwa mikono yangu, hiyo nayo msiifiche." Familia imeisema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha kidonda kwa miaka minne bila kuonyesha kinyaa, majirani wa Uyole waliomlimia Juliana shamba, na mwenye lori aliyeuleta mwili nyumbani. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa karakana waliofika, pamoja na ninyi wawili mliosimama kule nyuma karibu na uzio, sogeeni, nafasi ipo, kaburi ni la mwenzenu. Rambirambi za Bwana Sedekia zimefika kwa maandishi. Familia imezipokea, na haitazisoma hapa.

Philbert, mume wa Juliana, baba wa Kalista, Rozalia na Marcelino, yamesemwa yote. Pumzika sasa, na amani ya Bwana iwe nawe.