Anguyo Silvesta: Ala Tatu, Pembe Moja

Marehemu Anguyo Silvesta, ambaye Arua nzima ilimwita Mzee Saksi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa hapa Adumi, mtoto wa pili wa Mzee Dramadri. Ukoo wake ni wa wapuliza pembe, zile ndefu za mbao na vibuyu, ambazo kila mtu ana yake na kila pembe ina sauti moja tu. Unangoja zamu, unapuliza, unanyamaza. Wimbo ni wa wote. Kaka yake, Mzee Adriko, ndiye aliyerithi kuziongoza. Anguyo, jamani, kungoja kulimshinda tangu utoto.

Alisoma shule ya misheni, na mwaka 1971 bendi ya kanisa ikampa klarineti. Vita vya 1980 vilipotufukuza alivuka hadi Ariwara, Kongo, klarineti ikiwa ndani ya gunia la muhogo. Huko ndiko alikomsikia Dany, mpuliza saksafoni wa bendi ya dansi. Hadi uzeeni alisimulia kwamba alikaa mavumbini palepale, kwa kuwa hakujua shaba inaweza kulia vile.

Dany alimfundisha saksafoni, kisha filimbi ya chuma. Marehemu alieleza tofauti za ala hizo tatu kwa yeyote, hata kwa mtu aliyekuja kuuliza bei ya mbuzi. Saksafoni, alisema, ina huruma, hata mdomo wa haraka inaupokea. Klarineti ni kali: ukipanda juu, vidole vilevile vinatoa sauti nyingine, na ukikosea inakutangaza ukumbi mzima. Filimbi haina hata kijiti cha mwanzi cha kushika kwa midomo. Una pumzi yako tu na Mungu wako. Alirudi nyumbani 1986, na kwa zaidi ya miaka thelathini alizipuliza zote tatu katika harusi na makanisa, mara nyingine ndani ya wimbo mmoja.

Katika harusi moja ya Koboko, mwaka 1989, Patricia Yangi wa Abuku alizunguka nyuma ya jukwaa kuwatafuta wapulizaji wengine wawili. Alimkuta mwanamume mmoja aliyeloa jasho. Walifunga ndoa mwaka uliofuata, na Mama Patricia anasema bado hajaamini vizuri. Aliyekataa kushangaa ni kaka wa marehemu, Mzee Adriko. Alimwambia mbele ya wageni, “Mutu moja, pembe moja. Wewe iko na tatu, na hapana yako hata moja.” Neno hilo lilimchoma marehemu. Ndugu hao walisalimiana vizuri, walizikiana vizuri, lakini kupuliza pamoja hawakupuliza.

Mwaka 2021 mapafu yakaanza kumsumbua. Saksafoni ilimshinda kwanza, akaipa bendi ya kanisa. Klarineti akampa bintiye Candiru, anayewasomea maneno haya. Filimbi nayo ilipomkatalia alilia wazi wazi, kwa sababu pumzi iliyobaki ilitosha sauti moja na basi. Ndipo akapanda boda hadi kwa kaka yake, akakaa chini mbele yake, akaomba pembe.

Mzee Adriko hakumkumbusha lolote. Alimpa ile ndogo. Siku ya kwanza mazoea yalimponza: alisikia nafasi ya jirani inakuja, akaijaza yeye, na wimbo mzima ukaanguka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kaka yake akamwambia, “Ngoja. Yako inakuja.” Ikaja, akaipuliza. Jioni ile alimwambia mkewe kwamba katika maisha yake yote hajawahi kusikia jambo kubwa kama lile: yeye amenyamaza, na wimbo unaendelea kumjia.

Alifariki nyumbani kwake Arua, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama Patricia. Ameacha mjane huyo, kaka yake Adriko, watoto Candiru, Peace na Yengi, na wajukuu saba.

Sasa pembe zitapigwa. Mzee Adriko ameagiza ile ndogo ilazwe juu ya jeneza, isishikwe na mtu. Kila zamu yake itakapofika mtasikia kimya. Tunawaomba wapulizaji, na hasa nyinyi mnaoujua wimbo: msiijaze. Ni yake.

Bwana amlaze pema, ndugu yetu aliyejifunza kungoja.