Esteria Shemhilu, Fundi wa Sindano za Kabureta wa Lukozi (1968–2025)

Ndugu, majirani, na viongozi wa usharika mliopanda mlima na mvua hii kutusindikizia mama: tunayemlaza leo, Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025, ni Esteria binti Yona Shemhilu, mke wa Kristofa Shekalaghe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Bulwa, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake, Mzee Yona, alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai. Mama yake alichuma chai mpaka miguu ilipomkatalia. Esteria alibatizwa Pasaka ya mwaka uleule.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Bulwa, 1976 hadi 1982. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Elimu iliyomlisha aliipata karakanani kwa baba yake, saa za jioni baada ya shule. Alikuwa na miaka kumi na mmoja alipojaribu kunyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi la pampu ya maji, ikamjaa mdomoni. Alitapika mpaka nyongo. Mzee Yona akampa maji asukutue, akamwambia, "Sasa umeijua ladha yake. Hutaichezea tena." Na kweli, mpaka anafunga macho alisema hajawahi kukutana na kitu kichafu kama petroli. Alifanya nayo kazi miaka zaidi ya arobaini, na kila asubuhi alikunja pua upya.

Mwaka 1990 kijana mmoja mkulima wa kabichi kutoka Lukozi alifika Bulwa na pampu iliyomshinda. Esteria akaifungua, akatazama ndani kwa muda, kisha akauliza, "Nani ameifungua hii kabla yangu?"

"Mimi," Kristofa akajibu.

"Usirudie tena."

Baba yetu husema hapo ndipo moyo wake ulipokwama. Mwezi uliofuata alirudi bila pampu. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1991, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Ndoa ilikuwa njema, ila nyumba ilikuwa na mwiba. Bibi yetu Secilia, mama mzazi wa Kristofa, hakula chakula cha mkwewe. Hatulisemi hili kumchafua. Lukozi nzima inalijua, na marehemu mwenyewe alitaka lisemwe. "Mikono hii inanuka petroli," bibi alikuwa akisema, "nikiiona kwenye ugali roho inachafuka." Esteria alijisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikapasuka. Bibi alinusa tu na kusukuma sahani. Miaka ishirini na mmoja bibi alijipikia kwenye jiko lake la mafiga matatu nyuma ya nyumba, na miaka ishirini na mmoja Esteria alimwamkia shikamoo kila asubuhi kana kwamba hakuna kitu.

Kazi alianza na pampu za wakulima wa mboga. Pikipiki zilipojaa huku juu, kuanzia mwaka 2007, akafungua banda lake karibu na soko. Aliweza injini nzima, lakini watu walimfuata kwa ajili ya sindano ya kabureta. Sindano hiyo ni nyembamba, ina mikato mitano kichwani, na klipu ndogo hukaa kwenye mkato mmojawapo. Klipu ikipandishwa, sindano inashuka na petroli inapungua. Ikishushwa, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Pikipiki iliyopangwa kwa hewa ya bondeni ikifika Lukozi hutoa moshi mweusi, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi. Mama alipandisha klipu mkato mmoja, akaikimbiza pikipiki mpaka shuleni na kurudi, kisha akafungua plagi kutazama rangi. Nyeusi ya masizi, bado. Nyeupe, amezidisha. Alitaka kahawia, na hakumruhusu mtu kuondoka kabla ya kahawia. Pikipiki ikiuzwa Magoma, huko bondeni, alimkamata mnunuzi mkono na kumwambia, "Ukifika chini, klipu irudi katikati. Usiponisikia utaunguza injini, na usiniletee."

Alichokichukia ni vitu alivyovikuta ndani ya kabureta. Alikuta sindano imenolewa kwenye jiwe. Alikuta klipu imeanguka, sindano ikafungwa waya wa shaba. Alikuta tundu la petroli limezibwa kwa bigijii iliyotafunwa, na alama za meno zimo. Kila mara alitema mate chini, akasema, "Mtu amefanya hivi halafu akaenda kula." Wengine walimwona ana maringo. Hayakuwa maringo. Kazi mbovu ilimpanda kooni kama chakula kilichochacha.

Alhamisi ya tarehe 18 Aprili 2013, Bibi Secilia alipanda pikipiki ya Hamisi, dereva wa bodaboda, kwenda kliniki Lushoto. Siku moja kabla, Hamisi alikuwa amefika bandani kwa mama akakuta foleni. Mama akamwambia asubiri hadi kesho yake. Hamisi hakusubiri, akaenda kwa fundi mwingine. Jina la fundi huyo tumekubaliana kutolitaja.

Kwenye mteremko wa chini ya soko, Hamisi alivuta resi kidogo kukwepa shimo, na resi haikurudi. Pikipiki ikanguruma, ikaipitiliza kona kabla hajaufikia ufunguo aizime, ikaingia shambani kwenye makabichi. Bibi akavunjika paja na mkono wa kulia.

Mama alipofika mbio, bibi alikuwa amelazwa kwenye kanga, na vijana wa soko wamemkaba Hamisi shati. Mmoja alishaokota jiwe.

"Mwendokasi! Anataka kuua wazee!"

Mama alipiga magoti kwa mkwewe kwanza, akamfunga mkono kwa kitambaa chake cha kichwa, akawaita wanawake wamshike. Kisha akaifuata pikipiki. "Mgosi, weka chini hilo jiwe," akamwambia yule kijana. "Mpaka nimalize."

Akafungua kabureta pale pale matopeni, mbele ya wote. Sindano hubebwa na kikombe kidogo cha chuma kinachopanda na kushuka ukivuta resi. Kikombe kina mfereji ubavuni, nao lazima ukae kwenye kijiti kilichomo ndani, kama mlango kwenye bawaba. Mama alivuta, kikagoma. Alipokitoa kwa nguvu, wakaona: kilikuwa kimegeuzwa nyuma mbele na kugongwa nyundo mpaka kikaingia. Kingo zimechubuka. Sindano haina klipu, imezungushiwa waya.

"Hamisi hakukimbiza," mama akasema. "Pikipiki ilimkimbiza yeye. Tazameni. Kila mtu aje atazame."

Wakaja mmoja mmoja. Jiwe likaanguka. Mama akageukia upande wa makabichi akatapika, kama alivyotapika akiwa mtoto, na hakuona aibu.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa yule fundi. Hakumpigia kelele. Alimwekea mbele kabureta, akamwambia aifungue na kuifunga. Mara kumi, mara ishirini, mara arobaini: klipu mkatoni, sindano ndani ya kikombe, mfereji kwenye kijiti, kisha vuta resi na uachie, usikilize ikigonga chini. Fundi akachoka akasema, "Mama Jenoveva, nimeelewa. Nashukuru kwa kunisamehe."

"Sijakusamehe," mama akajibu. "Na sikufundishi kwa ajili yako. Nafundisha kwa ajili ya anayepanda nyuma."

Hakumsamehe mpaka anakufa. Mchungaji alimsihi mara mbili, na mara mbili mama alisema atalizungumza mwenyewe na Mungu. Tunaandika ilivyokuwa.

Bibi Secilia alilala miezi mitano. Mkono wa kulia haukuweza kushika kijiko, na Kristofa alikuwa shambani. Siku ya kwanza mama alipomletea makande, bibi alitazama ile mikono, akafumba macho, akafungua mdomo. Akatafuna polepole.

"Bado inanuka," bibi akasema.

"Ndiyo, mama. Inanuka."

"Nipe kingine."

Bibi alikula kwa mikono ile mpaka Mungu alipomchukua, mwaka 2018.

Marehemu alianza kuugua koo mwezi Novemba 2023. Februari 2024 iligundulika ni saratani. Alitibiwa kwa mionzi, akapata nafuu, akarudi bandani miezi minne, kisha hali ikageuka. Aliuchukia ugonjwa kama alivyoichukia kazi mbovu: aliuita uchafu, akaukunjia pua. Septemba mwaka huu binti yake Beatha alimsomea mwanzo wa wasifu huu. Akamkatiza kwa sauti iliyobaki, "Umeandika nilikuwa mpole. Futa." Tumefuta.

Siku zake za mwisho Kristofa hakwenda shambani. Alikaa kitandani akimlowesha midomo kwa pamba. Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, mama alimtazama kwa muda mrefu, akamwambia, "Umechoka, baba. Kalale kidogo." Kristofa akalala palepale pembeni yake. Alipoamka, mkono aliokuwa ameushika ulikuwa umepoa. Marehemu aliishi miaka hamsini na saba, miezi sita na siku ishirini na nne.

Ameacha mume, Kristofa Shekalaghe, watoto watatu, Jenoveva, Alen na Beatha, wajukuu wanne, kaka mmoja na dada wawili walioko Bulwa, na Hamisi, ambaye ameomba kusimama leo pamoja na watoto wa marehemu, nasi tumemkubalia.

Bwana ampokee mtumishi wake na kumpa pumziko lenye amani, mwanamke ambaye hakuwahi kukiita kibaya kizuri. Amina.